Tuuze lupango (kiwanja cha familia) kwa ajili ya tiba mpya ya uvimbe wa ubongo?

Swali: "Docta, nakuandikia kutoka Katuba, Lubumbashi. Yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) ana miaka 52. Alianza kuumwa kichwa kila asubuhi na kutapika, kisha mkono wa kuume ukalegea. IRM (picha ya ubongo) ikaonyesha uvimbe, akapasuliwa, sasa ni wiki ya tatu. Majibu ya anapath (maabara inayochunguza nyama iliyotolewa) yanasema glioblastoma, saratani kali ya ubongo. Muganga aliyempasua alituambia tutafute mionzi haraka. Lakini mtoto wa shangazi aliye Ubelgiji ametutumia makala: eti siku hizi hawapigi tena kansere yenyewe, wanapiga vile vinavyoizunguka, na India kuna sindano za kinga. Familia wanataka kuuza lupango ya marehemu baba. Naomba ukweli. Na hizi dexa (vidonge vya deksamethasoni) anazomeza, aendelee nazo?"

Jibu:

Mama, nianze na lupango, kwa sababu kikao cha familia hakingojei sayansi. Msiiuze kwa ajili ya sindano za kinga. Ikibidi kuuza au kukopa, fedha hiyo iende kwenye mionzi na vidonge vya temozolomidi, dawa ya kemo, na msichelewe. Baada ya upasuaji wa glioblastoma, mionzi kwa kawaida huanzishwa ndani ya wiki nne hadi sita. Yaya wako yuko wiki ya tatu. Mkianza leo kutafuta mnunuzi, pasipoti, viza na barua ya hospitali ya India, wiki hizo zitakwisha mgonjwa akiwa bado amekaa Katuba.

Hata hivyo, makala mliyotumiwa hayasemi uongo. Vile vinavyoizunguka saratani ya ubongo, ambavyo sisi tunaviita mazingira ya uvimbe, vimekuwa kiini cha utafiti wa miaka hii, na mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba njia itapatikana huko. Ila kati ya jambo lililothibitishwa maabara na dawa inayomwongezea mgonjwa miezi kuna umbali, na wafanyabiashara wa matumaini wamejenga humo humo. Uliomba ukweli, acha nikueleze umbali huo ukoje, ndipo kikao kiamue.

Tukisema uvimbe, wengi hudhani ni donge la seli za saratani tupu. Sivyo. Chukua kipande cha glioblastoma ukitazame kwa hadubini: theluthi moja hadi nusu ya seli zinaweza kuwa za kinga ya mgonjwa mwenyewe, zilizovutwa na uvimbe na kubadilishwa kazi. Nyingi ni za aina mbili. Kuna mikroglia, seli za kinga zinazokaa ndani ya ubongo tangu mtoto yuko tumboni. Mhispania Pío del Río-Hortega ndiye aliyezieleza mwaka 1919. Na kuna makrofaji, zinazotoka kwenye damu. Kazi yake ya kawaida ni kumeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Ndani ya uvimbe hupokea ujumbe wa kikemikali kutoka kwa saratani, na badala ya kuila zinaanza kuihudumia: zinatoa vichocheo vya ukuaji, zinayeyusha utando ulio kati ya seli ili saratani ipate pa kupenya, na zinazilaza seli T, ambazo ndizo zingeweza kuiua.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget, akichunguza saratani ya matiti ilivyosambaa mwilini, aliandika kwamba mbegu huenda pande zote lakini huota tu penye udongo unaoifaa. Tiba nyingi tulizonazo hadi leo zinapiga mbegu. Swali la sasa ni la udongo, na udongo wa ubongo ni mgumu kuliko wa kiungo kingine chochote ninachokijua.

Tazama katikati ya uvimbe. Seli zinaongezeka haraka kuliko mishipa ya damu, oksijeni inapungua, nyingine zinakufa. Mtaalamu wa anapath akikuta eneo la seli zilizokufa limezungukwa na seli hai zilizojipanga, hiyo ni mojawapo ya alama zilizomfanya aandike jina mlilolisoma. Seli zinazokosa oksijeni huwasha protini iitwayo HIF, nayo inaagiza VEGF, kemikali ya kuotesha mishipa mipya. Mishipa hiyo huota ovyo na inavuja. Maji yanayovuja ndiyo yanayovimbisha ubongo. Kwa hiyo kichwa cha asubuhi, kutapika, mkono uliolegea, sehemu kubwa ya hayo huletwa na maji, si na saratani peke yake. Na ndiyo sababu dexa huleta nafuu ndani ya siku moja au mbili. Kumbe yaya wako amekuwa akitibiwa mazingira ya uvimbe tangu alipomeza kidonge cha kwanza, bila mtu kumwambia hivyo.

Wataalamu walifikiri: tukiifunga VEGF, mishipa itakauka na saratani itakufa njaa. Dawa ya kufanya hivyo ipo, inaitwa bevasizumabu. Mwaka 2014 matokeo ya majaribio mawili makubwa yalichapishwa. Picha za IRM zilikaa nzuri kwa muda mrefu zaidi, wagonjwa wengine wakapunguziwa dexa, lakini maisha hayakurefuka: katika jaribio moja wagonjwa waliopewa dawa waliishi miezi 16.8, na wasiopewa 16.7. Inabaki dawa ya kutuliza uvimbe wa maji pale dexa inaposhindwa au inapomdhuru mgonjwa. Mtu akiwauzia kama tiba ya kumaliza ugonjwa, mwulizeni kuhusu tarakimu hizo mbili.

Ukingoni mambo ni tofauti kabisa. Mpasuaji akisema ametoa uvimbe wote, anasema kweli kuhusu alichokiona. Lakini seli za glioblastoma hutembea kwenye nyuzi za ubongo mzima, na mara nyingi ugonjwa ukirudi hurudi ndani ya sentimita mbili hivi kutoka pale palipopasuliwa. Huko mishipa haivuji. Kule kuna kile kizuizi kati ya damu na ubongo ambacho Paul Ehrlich alikutana nacho mwaka 1885 alipomdunga mnyama rangi: viungo vyote vikapakwa, ubongo ukabaki ulivyo. Basi dawa nyingi za sindano hufika katikati ya uvimbe, mahali ambapo mpasuaji ameshaondoa, na hazifiki ukingoni, mahali penye hatari. Huko Paris, timu ya Alexandre Carpentier ilionyesha mwaka 2016 kwamba kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti kilichopandikizwa kwenye fuvu kinaweza kukifungua kizuizi hicho kwa muda, dawa ipite. Ni kazi nzuri sana. Bado ni ya majaribio.

Sasa hizo sindano za kinga. Miaka mingi tulifundishwa kwamba ubongo hauna habari na mfumo wa kinga; msingi wake ulikuwa majaribio ya Peter Medawar ya mwaka 1948 ya kupandikiza ngozi katika ubongo wa sungura. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti, moja Marekani na jingine Finland, yalionyesha kwamba utando unaofunika ubongo una mishipa ya limfu kama sehemu nyingine za mwili. Mlango upo, basi. Shida ni kwamba glioblastoma inawaondoa wanaopaswa kuupitia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliripoti wagonjwa ambao hawajapata tiba yoyote, hata dexa, lakini CD4 zao, aina mojawapo ya seli T, zimeshuka kufikia viwango tunavyovijua kwa wagonjwa wa UKIMWI. Seli T hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimefungiwa ndani ya uboho wa mifupa. Na zile chache zinazofika kwenye uvimbe hukutana na makrofaji nilizozitaja, zinachoka, zinazimika.

Sindano ambazo ndugu wa Ubelgiji anazizungumzia, nivolumabu na pembrolizumabu, kazi yake ni kuziamsha seli T zilizozimika. Kwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma zimefanya maajabu, sibishi. Kwa glioblastoma iliyorudi, nivolumabu ilipimwa kwa wagonjwa 369 ikilinganishwa na bevasizumabu. Waliopata nivolumabu waliishi kwa wastani wa kati miezi 9.8, wenzao miezi 10.0. Majaribio mengine mawili makubwa, ya wagonjwa wapya kama yaya wako, nayo hayakuleta ushindi. Unaamsha seli T, lakini zenyewe ni chache, na zile zilizopo zinarudi kulazwa na mazingira yale yale.

Kuna mwanga mmoja hapo ambao nisingependa kuuficha. Mwaka 2019 timu ya Los Angeles ilichapisha jaribio dogo la wagonjwa 35 ambao ugonjwa wao ulikuwa umerudi na walitakiwa kupasuliwa tena. Waliodungwa pembrolizumabu kabla ya upasuaji waliishi miezi 13.7, wale walioanza baada ya upasuaji miezi 7.5. Inaelekea kinga inahitaji kuuona uvimbe ukiwa bado upo ili ijifunze kuutambua. Wagonjwa 35 ni wachache mno kubadilisha tiba ya dunia, na kwa yaya wako uvimbe umeshatolewa. Lakini watu wa fani hii walilisoma jaribio hilo kwa makini, nami nilikuwa mmoja wao.

Wengine wakasema: kama makrofaji ndizo tatizo, tuziue. Kwa panya, mwaka 2013, dawa inayoziba kipokezi kiitwacho CSF1R ilirudisha nyuma uvimbe kwa namna ya kustaajabisha. Ajabu ni kwamba makrofaji hazikufa, zilibadili tabia tu. Kwa binadamu, mwaka 2016, dawa ya aina hiyo hiyo haikufanya kitu. Mwaka huo huo ikaonekana kwamba hata kwa panya hatimaye saratani hurudi, kwa sababu makrofaji hutafuta kemikali nyingine ya kuilisha. Udongo nao haukai tuli.

Halafu kuna seli T zinazotolewa kwa mgonjwa, zinafundishwa maabara kuitambua saratani, kisha zinarudishwa, tena moja kwa moja kwenye maji ya ubongo. Machi 2024 madaktari wa Boston walieleza wagonjwa watatu ambao uvimbe wao ulisinyaa ndani ya siku chache. Picha zile zilizunguka dunia nzima, na pengine ndizo mlizotumiwa. Kilichosemwa kidogo ni kwamba kwa wawili kati ya hao watatu nafuu haikudumu. Kuna pia virusi vilivyorekebishwa vishambulie saratani. Japan iliruhusu kimoja kwa masharti mwezi wa Juni 2021. Na kuna kofia ya umeme inayovaliwa kichwani kutwa, iliyoongeza miezi michache katika jaribio kubwa la mwaka 2017, kwa bei ambayo hata Wazungu wanailalamikia. Vyote hivyo kwa sasa viweke pembeni.

Jambo linalonishangaza kuliko yote ni hili. Mwaka 2019 Michelle Monje na wenzake wa Stanford, na kwa wakati huo huo Frank Winkler na Thomas Kuner wa Heidelberg, walionyesha kwamba niuroni, zile seli zinazotuwezesha kufikiri na kusogeza mkono, hujiunganisha na seli za glioblastoma kwa sinapsi za kweli, yaani viungio vya kupitishia ujumbe wa neva, na umeme unaopita hapo huichochea saratani ikue na kutembea. Ubongo unapofanya kazi yake ya kila siku, unailisha. Mwaka 2025 Monje na Winkler walipewa Brain Prize, tuzo ya utafiti wa ubongo, kwa kazi hiyo. Kwa hiyo dawa za kifafa, ambazo hupunguza umeme wa ubongo, zimeingia kwenye majaribio, mojawapo ikiwa perampaneli. Nakuomba lakini: kama yaya wako amepewa dawa ya kuzuia degedege, aimeze kwa sababu ya degedege na asiikatishe mwenyewe. Msiende kumwongezea nyingine kutoka duka la dawa kwa sababu ya haya niliyoandika.

Tuje kwenye dexa, na hapa nitakaa kidogo.

Deksamethasoni imetumika kwa maji ya uvimbe wa ubongo tangu mwaka 1961, na imeokoa watu wengi wasife kwa shinikizo la ndani ya fuvu kabla ya kufika kwa mpasuaji. Lakini inalaza kinga yote bila kuchagua, zikiwemo zile seli T ambazo tayari zimepungua. Inapandisha sukari, inakula misuli ya mapaja hadi mtu anashindwa kuinuka kwenye kiti na familia inadhani ni uvimbe umerudi, inachubua tumbo. Kwa sisi wa huku kuna zaidi. Kifua kikuu kilicholala huweza kuamka. Na kuna mnyoo wa strongiloidi, ambao mtu anaweza kuubeba miaka bila dalili. Akipewa dexa kwa muda, mnyoo huzaana na kusambaa mwili mzima, na unaua. Mwulizeni muganga kama ampime au ampe dawa ya mnyoo huo mapema. Vitabu vya Ulaya huligusa jambo hili juu juu, maana si shida yao ya kila siku.

Mwaka 2016 uchunguzi uliounganisha makundi matatu ya wagonjwa wa glioblastoma ulikuta kwamba waliokuwa kwenye dexa waliishi muda mfupi zaidi, hata baada ya kuzingatia hali waliyokuwa nayo. Na mgonjwa anayemeza dexa nyingi kisha akadungwa sindano ya kuamsha kinga anaiamsha kinga kwa mkono mmoja na kuilaza kwa mwingine. Fedha ya lupango ingepotelea hapo.

Basi aziache? Hapana, si ghafla. Baada ya wiki kadhaa za dexa tezi zilizo juu ya figo huwa zimeacha kutengeneza homoni yake, na ukikatisha kwa siku moja mtu anaweza kuanguka na presha ikashuka vibaya. Kinachotakiwa ni kushuka hatua kwa hatua, chini ya muganga, hadi kipimo kidogo kabisa kinachozuia kichwa na kutapika. Wengi waliotolewa uvimbe vizuri hufika sifuri. Swali la kwenda nalo hospitali kesho ni hili: "Docta, ratiba ya kumshusha dexa iko wapi?" Kama hakuna, aiandike mbele yenu. Wala msinunue dexa za kujazia kwenye meza za barabarani, zile wanazomeza watu wanaotaka kunenepa. Hamjui zina nini ndani wala zilikaa juani siku ngapi.

Sasa tiba yenyewe. Kwa mtu wa umri wake, mwenye nguvu, ni mionzi siku tano kwa wiki kwa wiki sita, jumla gray 60 (gray ni kizio cha kupimia mionzi), pamoja na temozolomidi kila siku. Kisha temozolomidi peke yake siku tano za kila siku 28, mizunguko sita. Ni vidonge, vinamezwa tumbo likiwa tupu, na vipo vya jenereki visivyo ghali kama vya awali. Wakati wa mionzi apimwe damu kila wiki, na aulizwe muganga kuhusu Bactrim ya kumkinga na nimonia. Mpango huu ulithibitishwa mwaka 2005 na Roger Stupp na wenzake kwa wagonjwa 573. Waliopata mionzi na temozolomidi waliishi kwa wastani wa kati miezi 14.6, waliopata mionzi peke yake, 12.1. Uliomba ukweli, ndio huo. Lakini tazama na upande huu: waliofikisha miaka miwili walikuwa asilimia 26.5 dhidi ya 10.4. Hakuna tiba ya mazingira ya uvimbe ambayo hadi leo imeufikisha ushahidi wa kiasi hicho.

Kutoka Lubumbashi, njia fupi ni mpaka wa Kasumbalesa kisha Lusaka, Zambia, kwenye Cancer Diseases Hospital. Wengine huenda Dar es Salaam, Ocean Road. Pigeni simu kabla ya kupanda gari, mwulize mambo mawili tu: mashine inafanya kazi wiki hii, na nafasi ya kuanza ni tarehe gani. Jibu la tarehe ndilo liwachagulie mji. Mkipanga bajeti, kumbukeni kwamba wiki sita za kulala na kula kwa watu wawili huweza kuuma kuliko mionzi yenyewe.

Na kuna vipimo viwili ambavyo ningevilipia kabla ya sindano yoyote. Cha kwanza ni IDH, jeni inayokaguliwa ndani ya uvimbe. Tangu uainishaji wa WHO wa mwaka 2021, uvimbe wenye badiliko la IDH hauitwi tena glioblastoma. Ni astrositoma, na hata ikiwa ya daraja la 4, matarajio yake ni marefu zaidi. Kwa mtu wa chini ya miaka 55 lazima swali hilo liulizwe. Kuipaka nyama rangi maalumu ya kutafuta IDH1 (kinga-tishu) hunasa sehemu kubwa ya mabadiliko hayo, wala si kipimo cha maabara kubwa mno. Mazingira ya uvimbe wa namna hiyo nayo ni tofauti, makrofaji na seli T ni chache zaidi. Mtasikia pia jina vorasidenibu, iliyoruhusiwa Marekani Agosti 2024: hiyo ni ya daraja la 2, si yake, asiwauzie mtu.

Cha pili ni MGMT, kinachoonyesha kama temozolomidi itampa faida kubwa au ndogo. Kisisimamishe mionzi, majibu yake yanaweza kuja mgonjwa ameshaanza.

Vipimo vyote viwili havihitaji kumpasua tena. Nyama iliyotolewa imehifadhiwa kwenye bloki ya parafini katika maabara ya anapath. Nendeni na barua ya mpasuaji mkaiombe, pamoja na glasi za hadubini, karatasi ya majibu, na CD ya IRM ya kabla na ya baada ya upasuaji. Bloki haipendi joto, kwa hiyo isikae kwenye dashibodi ya gari hadi Kasumbalesa. Iwekeni kwenye mkoba wa mkononi, na nakala ya barua iwe karibu kwa afisa wa mpaka atakayeuliza ni kitu gani.